Matawi Mbele ya Intakula

Mbinga,
9 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Jastin,

Hujambo huko Kahama? Tereza na watoto hawajambo? Sisi tupo. Baridi ni kali, kahawa inavunwa. Mimi nakula, nalala, nafanya kazi, ila tangu tumzike Mama moyoni sisikii kitu.

Nimepata ujumbe wako kuhusu intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ambayo turbo inaisukuma kwenye injini. Iliyopo inavuja tangu siku ya msiba. Unasema pikapu ilitushinda siku ile kwa sababu intakula yake ni ndogo, na umeshapata kubwa ya kujaza mbele yote, nyuma ya bampa. Ngoja kwanza.

Hukuwepo, kwa hiyo nikueleze. Mama alifia Lipingo, kule ziwani, kwa dada yetu Notburga, tukawa tunampandisha kuja kumzika nyumbani. Unajua gari la msiba hufungwa matawi mbele. Wanawake wa kule walimpenda Mama, wakafunga mpaka mbele yote ikawa kichaka. Hakuna aliyewaza habari ya hewa. Mlimani turbo ikakosa hewa baridi, na rejeta ya maji nayo ikakosa. Moshi mweusi, mshale wa joto juu, gari likasimama na jeneza nyuma.

Nikaanza kufungua kamba. Shangazi Kunigunda akaja kusimama mbele yangu.

"Wifi yangu hatafikishwa nyumbani kama gunia la kahawa."

Unamjua Shangazi, hata paroko humkubalia. Tulingoja injini ipoe, halafu yeye na wenzake wakayafungua matawi wenyewe, wakapanda nyuma, wakayashika mikononi hadi nyumbani. Gari lilivuta vizuri. Niliendesha kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi.

Kwa hiyo si udogo. Kubwa ya mbele ingezibwa vilevile, tena mabomba yake ni marefu, turbo inachelewa kuamka ukiwa na mzigo mlimani. Nitafutie ya wastani ya kukaa juu ya injini, tutoboe boneti na kuweka mdomo wa kupokea hewa. Najua huko juu inachemshwa na injini gari likienda polepole. Nitafunga feni ndogo.

Notburga anaona tukataze matawi tu, yaishe. Mimi siwezi kusimama mbele ya wafiwa na kuwaambia hivyo, na gari hili ndilo linalobeba maiti wa ukoo mzima.

Nikamuuliza Baba, maana gari ni lake. Siku hizi hatoki kitandani, uji anaonja tu, na wiki ijayo nampeleka hospitali. Alifumba macho, nikadhani amelala.

"Weka juu," akasema. "Mbele waachie wafunge. Mimi sitaki kusimama njiani."

Nilimwitikia, nikachukua futi nikaenda kupima boneti. Intakula isizidi sentimita hamsini kwa thelathini, la sivyo boneti haitafunga.

Shangazi na Notburga wanakusalimu. Nisalimie Tereza, uwabusu watoto. Mungu awalinde nyote na awape afya.

Hiyo intakula usiitume kwa basi, Jastin. Ilete mwenyewe, Baba akuone.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Othmar