Jedwali la Vibarua Nililolifuta

Mwanza, Jumatano

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na mpunga wa bondeni, mmeuwahi, au nguruwe wamewatangulia? Mimi mwili wangu mzima, nakula nashiba. Moyo ndio mgonjwa. Asha mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, tafadhali usiruke neno hata likiwa kali.

Barua yako nimeipata. Unataka nimwombe radhi kaka Shamte na nitie saini karatasi yake, eti damu ni nzito kuliko maji. Nilisoma nikalia. Umesikia ya Shamte, mtoto wa dada yako. Sasa sikia na ya mtoto wako.

Unajua shirika letu la usafirishaji linauzwa. Mimi natunza kumbukumbu kwenye kompyuta, na Shamte ndiye mkuu wangu. Kumbukumbu zimepangwa katika majedwali, na kila jedwali lina maelezo yanayoiambia kompyuta: hapa ni jina, hapa ni mwaka wa kuanza kazi. Ukifuta maelezo hayo, jedwali halisomeki tena. Ni kama mtu ang'oe alama zote za mipaka kule bondeni. Udongo upo, lakini shamba la nani ni lipi?

Asubuhi moja mwezi uliopita Shamte alikuja mezani kwangu, akanisemesha Kindengereko cha kwetu, kama afanyavyo akiwa na shida. Akasema jedwali la vibarua limeshahamishiwa kwingine, nifute maelezo yake kabla wanunuzi hawajaja kukagua. Ofisini hatufuti kitu bila fomu yenye saini ya mkuu. Nikamuuliza, "Kaka, fomu iko wapi?"

Akacheka. "We Mwanahawa, leo wanidai karatasi mie? Umesahau kama mama'ko kaninyonyesha?"

Nikaona haya. Nani kwetu anamdai saini ndugu aliyenyonya naye ziwa moja? Kompyuta iliniuliza mara mbili kama nina hakika. Mashine ilinizidi akili, Mama. Nikabonyeza ndiyo.

Halikuhamishiwa popote. Tepu ya akiba yenye nakala yake, iliyokuwa ndani ya kabati la Shamte, ilikutwa imerekodiwa vitu vingine juu yake. Wanunuzi walikuwa wamekubali kuwaajiri vibarua wa miaka mingi, na ushahidi wa miaka hiyo ulikuwa jedwali lile tu. Sasa vibarua wote wanaondolewa, na Shamte ameahidiwa ukuu wa idara chini ya wanunuzi. Meneja alipotuita, kaka yangu alisema bila kunitazama, "Mie sikumtuma. Kafanya kwa kichwa chake."

Bibi Nyamizi, mfagizi wa gereji, naye kibarua wa miaka mingi, alikuja kusimama mlangoni kwangu na ufagio wake. "Mwanangu, hebu nitafute tena. Labda hukuangalia vizuri." Nikajifanya natafuta. Nilibonyeza vitufe bure mpaka akaniambia pole na kazi.

Karatasi unayotaka nisaini inasema nilifuta kwa uzembe na sikutumwa na mtu. Nikisaini, Shamte ataniombea nibaki kazini, na habari za vibarua zinazikwa hapo. Hayo alikueleza?

Kikulacho ki nguoni mwako, tunaambiwa tangu utotoni, kwa hiyo Shamte naweza kummeza hivyo hivyo kwa uchungu. Wewe ndiye uliyeniumiza zaidi, Mama. Uliniandikia kurasa mbili, na hakuna mahali uliponiuliza, "Mwanangu, ilikuwaje?"

Nisalimie Mama Mkubwa. Hasira yangu haimhusu. Nisalimie mjomba mkata boriti wa Nyamisati, na mwalimu wangu wa madrasa kule Ruaruke, mwambie bado nasali.

Jana niliirudisha ile karatasi kwa meneja. Saini yangu ipo, kama ulivyotaka. Ila maneno ya Shamte nimeyakata yote, nikaandika chini yake kwamba nilifuta kwa mkono wangu, kwa amri yake. Vibarua watatu wameshuhudia. Bibi Nyamizi hajui kuandika, ameweka dole gumba.

Leo nimekabidhi ufunguo wa ofisi. Shamte anakuja huko kwa sikukuu, na najua atafikia kwako. Begi langu limefungwa, lakini sitapanda basi mpaka uniandikie, Mama, ni nani kati yetu utakayemfungulia mlango.

Mwanao,
Mwanahawa