Wanataka Kunigeuzia Ukutani

Chumba cha uani,
Jumapili jioni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na Bibi, meno mapya ameyazoea au bado anayaficha chini ya mto? Sisi huku wazima. Mwanao Kicheko ni mzima, vidole vyake vyote vipo. Naanza na vidole kwa sababu hasira yangu yote leo inatokana na vidole hivyo.

Unajua kiwandani tunakata maboksi, na kengele ikilia visu vyote vya mashine vinashuka. Kicheko, kama ujuavyo, hajasikia kengele tangu azaliwe. Ndiyo maana nakaa mkabala naye. Ikilia tu namwinulia macho, naye anatoa mikono. Tunaishi hivyo tangu uliponikabidhi.

Sasa wameleta mtaalamu. Tunamwita Bwana Nyaya, maana ametubandika vidude vyenye nyaya pembeni mwa macho. Eti jicho likigeuka, umeme mdogo wa mwilini unabadilika, na mstari unaruka kwenye skrini yake. Anapima nani yuko makini na kazi.

Mstari wangu uliruka kuliko yote. Nikaitwa ofisini, nikaambiwa mimi mzembe, macho yanazurura, na Jumatatu kiti changu kitageuziwa ukutani.

Mimi, mzembe! Niliwaeleza habari ya Kicheko. Nikaomba taa moja tu, iwe inawaka kengele ikilia. Meneja akanijibu, "Dada, taa haimo kwenye bajeti." Nyaya za kuchungulia macho ya watu wazima zimo, Shangazi. Taa haimo.

Niliwasimulia wenzangu wakati wa chai. Mwenye macho haambiwi tazama.

Ijumaa kengele ilipolia, sote wenye nyaya tuliinua macho tukamtazama Kicheko. Ya pili, vilevile. Bwana Nyaya akaona mistari yote inaruka pamoja, akadhani mashine imeharibika. Akachomoa, akachomeka, mwisho akamwita meneja. Meneja akasimama katikati yetu, mikono kiunoni. Kengele ikalia, naye akageuka na kuitazama mikono ya mwanao ikitoka chini ya kisu. Kisha akarudi ofisini.

Nisalimie Bibi na mapacha. Mungu awalaze salama na awaamshe salama.

Kesho ndiyo Jumatatu. Taa hawajaweka, na mimi sigeuki. Wakigeuza kiti, nitasimama.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
nikupendaye bila kupimwa.