Majora kwa Jina la Finlay

Skigersta, Lewis
21 Januari 2025

Dada yangu Effie,

Salamu nyingi, na pole ya mguu. Huku kisiwani sote wazima, ila upepo wa wiki jana umeondoka na paa la banda la kuku, na kuku mmoja juu yake. Shemeji yako Finlay anakusalimu. Moyo wake unakwenda kwa vidonge, lakini mdomo haujaugua hata siku moja.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu iko jikoni, na mume wangu naye yuko jikoni, na hili sitaki alisikie bado. Nimeletewa barua ya pensheni. Novemba natimiza sitini na sita, Effie, na nilikuwa nahesabu siku niachane na masufuria ya shule, maana magoti yamenishinda. Barua inasema nina miaka kumi na minane tu ya michango. Pensheni kamili inataka thelathini na mitano. Nilidhani wamenichanganya na mtu mwingine. Hawakunichanganya.

Unakumbuka mambo yalivyokuwa. Nilichanga nilipokuwa msichana wa kiwanda cha samaki, na nimechanga tangu niingie jikoni shuleni. Hapo katikati, miaka thelathini na moja, nilikuwa nafuma. Ila mtambo wa kufumia uliandikishwa kwa jina la Finlay, kama kila nyumba ya njia hii, na kila jora la kitambaa lilikwenda kiwanda cha nguo kwa jina lake. Mimi nakanyaga mtambo, yeye anachangiwa. Sasa yeye ana pensheni kamili na mimi nina magoti.

Wanasema naweza kulipia miaka saba ya mwisho ya pengo hilo, mradi nilipe kabla ya tarehe tano Aprili kwisha. Ya nyuma zaidi hailipiki tena. Ni pauni elfu tano na mia nane, na sina. Finlay akitangulia, pensheni yake inakwenda naye, nami nitabaki na nusu mkate. Nifanyeje? Wewe umefanya kazi benki miaka arobaini.

Mdogo wako,
Murdina


Glasgow
30 Januari 2025

Mdogo wangu Murdina,

Mguu unapona, asante. Usiombe kuteleza mbele ya watu wa kanisani kwako. Shemeji mpe salamu zangu, na mwambie anyamaze kidogo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya tatu nililia, kisha nikachukua kalamu. Ukilipia hiyo miaka saba utaongezewa pauni arobaini na kitu kila wiki mpaka kufa kwako. Miaka mitatu haiishi, fedha yako imerudi. Mama aliishi miaka tisini na mmoja. Ndiyo, bado utakuwa na upungufu mkubwa, lakini heri nusu shari kuliko shari kamili.

Na fedha unayo, iko banda la kufumia. Mitambo ya kukanyaga kama wako inatafutwa sana siku hizi. Uuze. Najua hapo umeikunja barua ukaenda kuchochea moto, lakini rudi usome. Ningekuwa nayo ningekupa mwenyewe, ila mafundi wa paa wamenikausha. Najua Jumamosi zako zote bado unazimalizia bandani, na najua unaupenda. Chuma hakikupendi, Murdina. Hakitakuuguza.

Dada yako,
Effie


Glasgow
25 Februari 2025

Mdogo wangu,

Hujambo? Wiki nne hata salamu hakuna. Nikipiga simu anapokea Finlay, ananieleza habari za kuku mpaka sikio linawaka.

Umenyamaza, na kwetu sisi mtu akinyamaza amekubali, ndivyo tulivyolelewa. Basi nimetangaza mtambo. Kuna bwana mmoja wa Inverness anatoa elfu sita taslimu, na anavuka kwa meli mwisho wa wiki hii na gari lake. Nimemwelekeza njia mpaka mlangoni kwako. Nikasirikie baadaye, lakini Aprili haingoji.

Dada yako,
Effie


Skigersta
4 Machi 2025

Dada yangu Effie,

Natumaini u mzima, kwa sababu nataka uwe mzima ndipo nikugombeze. Kimya changu hakikuwa ndiyo. Kilikuwa kimya cha mtu aliyeshindwa kuamua.

Bwana wako alikuja. Alikuja Jumapili, Effie, siku ambayo huku hakuna kazi wala biashara. Wewe umezaliwa nyumba hii na hukumwonya? Ndiyo kwanza tumetoka kanisani, Finlay na suti yake nyeusi, viazi vimemenywa tangu Jumamosi, na njia nzima iko nyuma ya mapazia inaangalia gari kubwa likirudi kinyumenyume kwenye banda langu. Akatoa bahasha. Nikamwambia leo sifungui banda, aje kesho. Akadhani napandisha bei, akaongeza mia mbili. Akasema leo ni leo, kesho hayupo, meli inaondoka. Nikamwambia basi, karibu supu, halafu safari njema. Alikula sahani mbili akaenda zake amenuna.

Finlay hakuuliza neno, maana hata kuongelea biashara ni biashara. Alingoja mpaka Jumatatu, uji uko mezani. Nikamweleza yote. Aliweka kijiko chini, uji haujafika nusu. Halafu akasema, "Nguo umefuma wewe, pensheni nala mimi." Akaniletea simu mwenyewe, akasema nisiuze kitu mpaka niwaulize watu wa pensheni wenyewe kwa mdomo.

Tulisubiri saa moja na nusu na muziki wao. Akapokea binti mpole, akaniuliza kama nililea watoto. Nikamwambia wawili, Kenina na Alasdair. Akaniuliza posho ya watoto ya serikali ilikuwa ikichukuliwa na nani. Nikacheka. Posho alichukua Finlay, wiki zote za Mungu. Gari la posta, lililokuwa likilipa posho, lilipita hapa Jumanne asubuhi, na lori la kiwanda lilichukua majora Jumanne mchana. Mimi Jumanne sikuweza kushuka mtamboni hata nyumba ingeungua. Kwa hiyo kitabu cha posho nacho kiliandikwa jina lake, pamoja na mtambo, na mbwa.

Yule binti akasema aliyekaa nyumbani na watoto huhesabiwa miaka bila kulipa chochote, ila huhesabiwa yule ambaye jina lake liko kitabuni. Finlay haihitaji, ana yake tele. Anaweza kunikabidhi mimi. Toka Kenina azaliwe mpaka Alasdair afike kumi na sita ni miaka ishirini, Effie, ile ile ya zamani ambayo barua ilisema hailipiki. Fomu nimechapishiwa shuleni, na Finlay alitia sahihi kwa nguvu mpaka kalamu ikaitoboa.

Sasa sikiliza. Jibu linachukua miezi mitatu au zaidi, na tarehe tano Aprili itapita kabla. Wakinikatalia, nafasi ya kulipia hiyo miaka saba nayo imekwenda. Naogopa, sikufichi. Lakini nimeamua silipi na siuzi.

Mdogo wako,
Murdina


Glasgow
12 Machi 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi ningelipa. Nakwambia kweli. Lakini miaka yote nimekuamulia mambo, na hili la mtambo lilikuwa kosa, nisamehe. Wakikukataa, chumba cha pili hapa ni chako, na mtambo wako tutautafutia pa kuuweka.

Sitakusumbua tena. Ila ukipata neno, lolote, usingoje posta. Piga.

Dada yako,
Effie


Skigersta
Jumanne, 17 Juni 2025

Dada yangu Effie,

Simu ya Jumamosi haikufaa kitu, wewe ulikuwa unalia na mimi nalia na Finlay anapiga kelele katikati. Kwa hiyo narudia kwa maandishi. Miaka thelathini na minane. Imezidi hata ile wanayoitaka. Finlay ameisoma barua kwa sauti mara tano, mara moja kwa kuku. Mimi nilikaa kwenye kizingiti nikahisi kitu kimeshuka mabegani ambacho nilikuwa nimekizoea kama koti. Shuleni nimekwishawaambia, Novemba watafute mwingine.

Leo lori la kiwanda limepita. Nilikuwa na jora moja tu, la rangi ya mwani, nimelifuma pole pole kwa raha yangu. Dereva ni yule yule wa miaka yote. Akatoa karatasi yake, akaanza kuandika Finlay kama kawaida.

Finlay akasema kutoka mlangoni, "Futa. Wiki jana tumebadilisha jina kiwandani. Andika jina la mwenye mtambo."

Dereva hakuuliza ni nani. Aliandika Murdina.

Mdogo wako,
Murdina