Wembe, Jembe na Shati la Shemeji

Bariadi,
14 Agosti 1993

Dada yangu Ng'washi,

Mwangaluka, dada. Mama yu hali gani huko Kiloleli, goti limetulia? Mimi ni mzima, tena mzima kweli, maana barua hii naiandika kwa mkono uleule wa kulia mliokuwa mkiulilia.

Jana nilikwenda kwa Daktari Felisita, aliyefungua zahanati yake binafsi karibu na stendi tangu mambo yawe ruksa. Nikamwonyesha kovu la kifundo cha mkono, nikamwambia jembe tunalorusha na kudaka kwenye ngoma sitarusha tena. Akaniambia nigusanishe kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha nikunje mkono. Wa kushoto, kamba ya msuli ikasimama katikati ya kifundo. Wa kulia, kimya. Nikajua mkono umekwisha.

Lo, yeye akacheka! Akasema iliyokatika ni kamba ya msuli mwembamba unaoanzia upande wa ndani wa kiwiko na kuishia kiganjani. Unasaidia tu kukunja mkono na kukaza kiganja. Kazi nzito inafanywa na misuli mingine, na yangu yote ni mizima. Akakunja mikono yake mwenyewe: kamba hana hata moja! Kazaliwa hivyo, na anadunga sindano mji mzima. Dada, nilicheka mpaka machozi. Nitarusha jembe na kulidaka.

Sasa kaa chini. Niliwaambia jembe lilinigeukia hewani kwa dawa ya shemeji Masunga, ili sisi wa kundi la Wagalu tushindwe ngoma na Wagika wenzake. Ukaniamini, ukamwacha mumeo huko Nassa, ukarudi kwa mama. Nasikia wazee wanataka hata kurudisha ng'ombe wa mahari. Dada, Masunga hana kosa. Asubuhi ile nilijichanja mwenyewe nitie dawa ya kudaka jembe, wembe ukazama. Nikafunga kitambaa, nikaingia uwanjani. Nilipodaka jembe damu ikaruka, nikaona aibu, nikalitaja jina lake. Na ni yeye aliyevua shati akanifunga mkono, watu wangu wakitazama tu.

Nilikuwa mwongo na mwoga. Nisamehe. Msomee mama barua hii yote, usiruke mahali. Wazee nitawakabili mwenyewe Jumapili ya wiki ijayo.

Shati la shemeji nimelifua, doa la damu limetoka. Nakutumia pamoja na barua hii. Mpelekee wewe, dada, nyumbani kwako.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia.

Ni mimi mdogo wako,
Maige