Haikuwa Khanga Yako

Mwanangu Zaituni,

Mwaka mzima nimekuacha uamini kwamba vumbi la karasha, ulilorudi nalo kwenye nguo, ndilo lililomuua mwanao Rama. Nilijua jingine, nikanyamaza.

Sasa nikusalimie. Hujambo? Na mama yako, magoti yamempa nafuu? Mimi huku Katoro nimekwisha. Miguu imevimba, mlangoni sifiki bila kushikwa, ndiyo maana naandika badala ya kupanda basi kuja Shinyanga.

Nakumbuka ulivyokuwa ukitoka karashani kusaga mawe ya dhahabu, ukikung'uta khanga uani kabla ya kumgusa mtoto. Jirani yetu Mama Shija akikutania, "Mama Rama, leo umetuletea mlima mzima!" Siku ya msiba hakutania. Alisema wote wakisikia, "Mtoto kaletewa vumbi na mama yake." Ukainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu tu kutoka kwako, nimevaa kanzu nyeupe.

Hizo kanzu, mwanangu. Ulipokuwa kazini nilikuwa naziloweka chumbani, nilimolala na Rama, kwa sabuni ya unga na dawa kali ya kutoa madoa. Kisha nazianika kwenye kamba juu ya kitanda, dirisha nimelifunga, maana vumbi jekundu la barabarani halina huruma na nguo nyeupe. Msikitini waliniuliza, "Mwalimu, hii umeinunua leo?" Nikafurahi kama mtoto. Rama yeye alisema, "Babu, unanuka duka la dawa!" Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Nilipompeleka zahanati, nesi alikuwa binti niliyemfundisha sayansi darasa la sita. "Shikamoo mwalimu. Nyumbani mnafulia nini?" Nikamtajia. Akasema harufu ya dawa hiyo inaweza kumbana pumzi mtoto mwenye pumu kama Rama. Niiache, nifulie nje, chumba kipate hewa. Niliona haya kufundishwa na mwanafunzi wangu. Wewe uliporudi nilikuambia tu, "Wamesema ni vumbi." Tangu siku hiyo ukawa unaoga kwanza uani ndipo umbebe.

Wiki mbili nilifulia nje. Idi ilipokaribia, beseni likarudi chumbani.

Nisalimie mama yako, aliyenivumilia miaka yote hii, na kaka yako Juma, aliyelichimba lile kaburi dogo kwa mikono yake. Wasomee barua hii yote, usiruke mstari. Na Mama Shija nimeshamwita, nimemwambia mwenyewe.

Limebaki moja. Asubuhi ile ya mwisho, ukiwa umeshakwenda kazini, Rama aliketi kitandani akaniambia, "Babu, fungua dirisha."

Mimi baba yako, Saidi, nilimjibu, "Subiri, kanzu haijakauka."