Kabla Bwana Afya Hajafika

Jumanne. Jua kali hapa Kibiti, na moyo wangu mzito tangu alfajiri.

Kesho Bwana Afya anapita nyumba kwa nyumba kukagua maji. Jumbe alikuja mwenyewe kutuonya kwamba atakayekutwa na viluwiluwi vya mbu ataitwa barazani. Kwetu kuna kazi zaidi, maana sisi tuna tangi.

Alilijenga mume wangu, Bakari, mwaka tuliooana. Yeye ni fundi bomba. Alifunga mfereji wa bati chini ya paa, akaushusha mpaka kwenye tangi la saruji, akalitia na bomba la kufungua na kufunga. Mimi nimezaliwa visiwani huko deltani, ambako kisima kina chumvi na maji matamu hufuatwa kwa mtumbwi. Siku ya kwanza kulifungua bomba lile nilicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Masika yaliyopita Bakari alisimama mvuani akizoa majani kwenye mfereji, kalowa chepechepe, anaimba. Tangi likafurika. Mto ulipopungua na pantoni ya Ndundu ikaanza tena kuvusha magari, akapanda lori kwenda Nachingwea, kufunga mabomba kwenye mashamba ya Wazungu.

Tangu hapo napata salamu tu, kwa mdomo wa dereva.

Leo asubuhi nikapanda ngazi, nikafunua tangi. Wavu wa mdomoni umeliwa na kutu, na viluwiluwi wanacheza ndani.

"Yamwage, mwanangu," mama mkwe akasema kutoka chini.

Nikamwambia tunaweza kuyachuja kwa kitambaa.

"Unayachuja uyanywe, au umweke Bakari humo?"

Maji yale yalinyesha Bakari akiwa hapa. Miezi yote hii nimekuwa nikienda kisimani na ndoo kichwani kama mtu asiye na tangi, ili yasiishe. Sijamwambia mtu. Kumbe mama alikuwa ananiona, akanyamaza.

Nikafungua bomba.

Wanawake wa jirani wakaja na ndoo, huyu wa kufulia, yule wa kumwagilia mchicha. Niliwajazia mmoja mmoja, na kila ndoo iliyoondoka niliifuata kwa macho. Adhuhuri bomba likakoroma, likanyamaza.

Kisha nikaingia ndani ya tangi kusugua kuvu. Mle sauti inarudi. Nikaliita jina lake mara moja, polepole, nikaisikia inanizunguka.

Nilipotoka, mama alikuwa amekaa kando ya ngazi, kanga yake mdomoni. Alikuwa amesikia.

"Alhamisi lori linakwenda kusini," akasema. "Panda."

"Na wewe nikuachie nani, mama?"

"Binti yangu yuko Dimani, si mbinguni. Atakuja. Nimezaa watoto wawili, mbona nimekufunga kamba wewe mtoto wa watu?"

Nilitaka kubisha. Machozi yakatangulia, naye akanishika mkono uliojaa kuvu, akaushikilia mpaka nikatulia. Mama huyu si mtu wa kushikana mikono.

Sasa ni alasiri. Nimeweka wavu mpya, nimefunika mitungi, nimefagia chooni na kumwaga majivu. Bwana Afya na aje, hapa hatakuta kitu. Mama ameshamtuma mtu Dimani, na kanga zangu mbili ameziweka kitandani.

Ninaogopa.

Katika salamu zote alizoleta dereva, Bakari hajasema hata mara moja, "Njoo." Labda anadhani siwezi kumwacha mama yake. Labda kuna jingine nisilolijua. Lakini mimi nami, kila dereva alipouliza ampelekee neno gani, nilisema, "Mwambie hatujambo."

Si kweli. Alhamisi nakwenda kumwambia mwenyewe.