Kwa Nini Nilikuwa Kitale na Sikufika Nyumbani

Hosteli ya Wasichana,
Bungoma.

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za binti yako ambaye simu zake umekataa kushika. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kupaka bado ipo? Mvua imefika huko Tuwan, ama mboga za kuuza bado unazifuata soko la Chwele? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechafuka, na nitakueleza ni nani aliyeuchafua.

Najua uliyoambiwa. Jirani yetu Mama Kevo, yule wa mitumba, aliniona asubuhi nikitoka kwenye loji mjini Kitale na kupanda gari pamoja na vijana wa kiume. Ni kweli aliniona. Ulinipigia mara moja tu ukasema, "Kama umepata bwana, sema. Kaka yangu Simiyu atakuja kuchukua sanduku lako, hiyo masomo iishe." Kisha ukakata. Mama, hakuna bwana. Afadhali kungekuwa na bwana, ningekuwa na kitu cha kuonyesha. Kilichonipeleka Kitale ni siasa za wanafunzi, upuuzi mtupu, na naomba usome mpaka mwisho kabla khocha Simiyu hajafunga safari.

Huku chuoni hatumchagui kiongozi wa wanafunzi sisi wenyewe. Kila darasa hutuma mjumbe, na wajumbe ndio hupiga kura. Darasa letu lilinituma mimi kwa ajili ya Nekesa, yule rafiki yangu uliyempikia mboga ya murere Krismasi. Alama zake za somo moja zimepotea. Mtihani aliufanya, mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, lakini ofisi hii inamtuma kwa ile, na ile inamrudisha kwa hii, na bila hizo alama hatahitimu. Nilitumwa nimpigie kura mtu atakayelisemea jambo hilo. Hiyo tu.

Sasa sikia ustaarabu wa wasomi. Mjumbe akishachaguliwa, mgombea humficha mji mwingine mpaka siku ya kura, ili mpinzani asimfikie na kumgeuza. Ndiyo desturi, na hakuna anayeona aibu. Wa kwetu anaitwa Mheshimiwa Brayo. Mheshimiwa! Kijana wa mwaka wa tatu, koti limemzidi mabega, ana mtu wa kumfungulia mlango na mwingine wa kumbebea chupa ya maji. Alituambia tunakwenda semina ya uongozi. Simu zetu zikakusanywa ndani ya mfuko, tukapakiwa, na tuliposhuka nikaona niko Kitale, mji wangu mwenyewe, naonyeshwa njia kama mgeni.

Semina yenyewe ilikuwa kuku na chipsi. Nilimfuata Mheshimiwa mezani nikamuuliza kuhusu alama za Nekesa. Alikuwa anahangaika na mfupa.

"Hiyo tutaundia kamati, siz," akasema. "Kwanza kula. Si uko sawa?"

"Mimi niko sawa. Nekesa ndiye hayuko sawa."

"Ati Nekesa ni nani tena?"

Wenzake wakacheka, wakapiga meza kwa wito wao wa kampeni, "Komredi pawa! Komredi pawa!" Watu wazima, Mama, wanaojiita sauti ya wanyonge, na mnyonge mmoja tu mwenye jina hawamjui.

Asubuhi yake nikasikia sauti yako. Nilikuwa ghorofani pale loji, dirisha linatazama mlango wa jikoni, na wewe ulikuwa umeleta mboga. Ulikuwa unamwambia mpishi, "Wangu yuko Bungoma, anasoma kabisa. Hata simu siku hizi hashiki, ni vitabu tu." Nilikimbilia ngazi. Mlinzi wa Mheshimiwa alikuwa amekaa pale chini, ameziba njia kwa miguu.

"Hakuna kutoka, dada. Ni ya usarama wenu."

"Huyo ni mama yangu."

"Kila mtu ako na mama, bana. Mheshimiwa amesema."

Nilirudi dirishani nikuite, nikakuta unakunja gunia. Ningekuambia nini? Kwamba huyo unayemsifu amefungiwa na watoto wenzake, analishwa kuku ili asibadilishe kura? Nilikuacha uende. Nililia, Mama, na ilikuwa ni hasira tupu. Muda mfupi baadaye tulitolewa kwenda kupiga kura, na ndipo Mama Kevo akaniona.

Nilimpigia kura msichana mmoja ambaye hakumficha mtu yeyote. Waliomchagua wote wangetosha kwenye bodaboda moja. Brayo akashinda. Mpinzani wake, aliyeficha wajumbe wake Webuye na kumwita Brayo mwizi muhula mzima, alikuja mbio kumkumbatia, na sasa ndiye naibu wake. Kamati haijaundwa. Nimeacha kuwasubiri hao. Jumatatu darasa zima tunakwenda na Nekesa kwa mkuu wa idara, kila mmoja aseme kwa mdomo wake kwamba alimwona kwenye mtihani. Ndiyo maana siwezi kurudi nyumbani sasa. Khocha akija atanikuta hapa, na hapa nitabaki.

Nisalimie nyanya yetu, Kukhu, umwambie bado naombea macho yake. Msalimie mdogo wangu Wafula, aache kuvaa viatu vyangu. Na khocha mwenyewe msalimie, hata kama ana hasira.

Jambo moja la mwisho. Jumapili hii Brayo anakuja kanisani kwetu Tuwan pamoja na wakubwa waliomfadhili, ati kutoa shukrani na kuwapa vijana mawaidha. Wewe ndiwe mwenyekiti wa akina mama, na ni wewe utakayepewa maiki kumkaribisha mgeni. Usinitetee. Mkaribishe vizuri, mshike mkono, halafu muulize mbele ya kanisa lote: asubuhi ile ulipokuwa jikoni kwa loji ukimsifu binti yako, yeye alikuwa amemweka wapi?

Ni mimi mwanao,
Naliaka